Dakika Moja ya Enanga

Naona aibu kuandika haya, lakini aibu ya kukaa nayo moyoni imenishinda.

Mimi ni mwalimu katika shule moja ya msingi huku Kibimba, wilayani Ngara, na napenda muziki ambao majirani zangu wakiusikia huuliza kama redio imeharibika. Ni ile roki ya zamani ya Wazungu inayoitwa progresivu. Wimbo mmoja unakwenda dakika ishirini, filimbi inaingia pasipotarajiwa, na mwimbaji anaweza kupotea robo saa nzima asitafutwe na mtu. Sitataja bendi wala albamu. Wenye ugonjwa huu watazitambua, na wasio nao hawatakosa kitu.

Ugonjwa niliupata kwa mjomba wangu, kaka wa mama, fundi redio wa Nyantakara kule Biharamulo. Nililelewa kwake nilipokuwa shule ya msingi. Kuna mzungu mchimba visima aliyetengenezewa redio na mjomba, na alipoondoka akamwachia boksi la kanda zisizo na majalada. Mjomba hakujua Kiingereza, kwa hiyo alizipa namba kwa rangi ya kucha ya mkewe. Kanda namba nne ilikuwa yangu. Nikitoka shule, kabla sijaenda kuteka maji, lazima nisikilize upande wa kwanza.

"Usiguse ledio, mama. Nitakuwekea mwenyewe," alikuwa akiniambia.

Aliniita mama tangu nikiwa mdogo. Nilipopata cheti cha ualimu na kijiji kizima kikaanza kuniita mwalimu, yeye alikataa. Alisema mwalimu ni wa watoto wa watu.

Miaka michache iliyopita niliingia kwenye kundi la simu la wasikilizaji wa muziki huu. Wako Mwanza, Arusha, Dar es Salaam, hata Nairobi. Kila Jumamosi mmoja wetu ana zamu ya kuleta albamu anayoipenda na kuwaeleza wenzake kwa nini. Humo ndimo nilimojua jina la kanda namba nne, na kwa furaha ile, mjomba aliponunuliwa simu ya kupangusa na binti yake, nikamwingiza kundini. Hakuwahi kuandika neno. Baada ya mwezi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba yumo.

Zamu yangu ilipofika nilileta namba nne, kwa kumbukumbu tu, maana kanda yenyewe ilikwisha kuharibika zamani. Niliandika kwa kirefu na kwa kujitutumua. Nikasema katikati ya upande wa kwanza kuna dakika nzima ambapo vyombo vyote vinanyamaza na kubaki nyuzi peke yake, na kwamba sikio la mtu wa Kagera haliwezi kudanganyika: ile ni enanga, ubao wa nyuzi ambao wazee wetu huulaza mapajani wakapiga. Nikadai bendi ile ilichukua kwetu bila kusema asante.

Dada mmoja wa Arusha akauliza kwa adabu, "Mwalimu, mbona mimi pale nasikia kinanda tu?"

Nikamjibu kwamba masikio nayo yanahitaji kupelekwa shule. Watu wakacheka sana. Siku ile nilikunywa chai kwa raha.

Kesho yake yule dada akautuma wimbo wenyewe. Nikausikiliza mara tatu, na mara zote tatu kilikuwa kinanda.

Ndipo nikakumbuka siku redio ilipokula kanda yangu. Nililia mpaka nikasusa chakula. Mjomba aliikata sehemu iliyotafunwa, akaunga hapo kipande cha kanda tupu, kisha akajifungia kwenye chumba chake cha kazi. Jioni namba nne ikaimba mwanzo hadi mwisho, nami sikuuliza kitu. Enanga ya babu ilikuwa ikining'inia ukutani mle chumbani. Miaka yote hiyo, kipande nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa vidole vya mjomba.

Mtu mwenye moyo angeketi chini akafurahi. Mimi niliwaza nitaonekanaje kundini. Nikaandika: "Samahani, wapendwa. Kumbe kanda yangu ilichezewa na fundi mmoja wa kijijini asiyejua muziki." Wakaanza utani wa mafundi wa vijijini. Mmoja akasema tushukuru hakuweka taarabu. Nikacheka nao.

Saa ya chakula cha mchana, ofisini, uliingia ujumbe wa kwanza wa mjomba.

"Habari za mchana wanakundi. Huyo fundi ni mimi. Mteja alikuwa mtoto mdogo na alikuwa analia, nikaona wimbo usikatike. Mwalimu asilaumiwe, kosa ni langu."

Mteja. Hakusema mpwa wangu. Aliona kwamba nisingependa watu wale wajue ni ndugu yangu, na hakukosea. Kitu cha kwanza nilichohisi nikiwa nimeshika simu ile kilikuwa nafuu. Aibu ilikuja baadaye, na kwa sababu ilichelewa ndiyo maana haitaki kuondoka.

Zilipita siku mbili kabla sijaandika kundini kwamba fundi yule ni mjomba wangu aliyenilea. Wakanisifu kwa unyenyekevu, wakanitumia mioyo myekundu. Yule dada wa Arusha peke yake hakunisifu. Aliuliza tu kama anaweza kuisikia hiyo dakika ya enanga.

Jumapili, baada ya misa, nikaenda Nyantakara na kilo mbili za sukari.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Karibu kiti."

Alikuwa na redio iliyofunguliwa mbele yake. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yakanigongana mdomoni, naye akainua bisibisi kunizuia.

"Niwekee huo wa kweli," akasema.

Nikauweka kwenye simu. Alisikiliza kile kinanda akitazama meza, na kilipopita akatikisa kichwa taratibu.

"Sauti niliipatia. Mwendo ndio nilichelewa kidogo."

"Mimi naupenda wako, mjomba."

Ilikuwa kweli, tangu utotoni. Lakini ilinitoka kama maneno ya mgeni anayesifia mboga, naye akaipokea hivyo hivyo.

"Asante," akasema.

Nikamwomba apige kidogo niwarekodie wenzangu. Akasema haiwezekani, nyuzi zililiwa na panya zamani. Nikainua macho ukutani. Enanga ilikuwa palepale, nyuzi zote zimekazwa, ubao unang'aa kwa mafuta. Aliniona nikiitazama, akarudi kwenye redio yake. Sikuthubutu kuomba mara ya pili.

Mfuko wangu wa sukari akaurudisha umejaa mihogo, maana hawezi kumrudishia mtu mfuko mtupu. Akanisindikiza mpaka barabarani, tukiongea habari za mvua na bei ya maharage. Bodaboda ikaja. Nikapanda, nikaupakata mfuko, nikangoja aniage kwa jina analoniita siku zote.

"Haya, safari njema," akasema. "Karibu tena, mwalimu."