Jamhuri Yenye Ufunguo Mmoja

"Ufunguo umekuja?"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kwa rafiki yangu. Mimi nilikuwa nimefika juu ya ua wa mabati, mikono imechanika na kuungua. Yeye alikuwa chini, upande wa moto, na mguu wake mbovu usingeweza kupanda. Nikamjibu, "Unakuja, buda, shikilia." Nilijua hauji. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa Soko la Burma anakula nyama choma.

Wacha nirudi nyuma, mtu asije akasema naropoka.

Tulikuwa mafundi wa mbao, kiwanda chetu kiko nyuma ya soko la Muthurwa. Mimi nilitengeneza vitanda. Rafiki yangu, mtu wa Ukambani, alichonga twiga na vifaru. Kila mmoja alileta vifaa vyake vikawekwa pamoja: misumeno, patasi, randa, hata mashine ya kukatia. Hakuna cha mtu. Wazo lilikuwa la mwenyekiti. Alikuwa amesikia habari za nchi za kikomunisti, ambako wafanyakazi wanamiliki kila kitu, akazipenda vile mtu mwingine anavyopenda timu ya mpira. Tukaanza kuitana komredi. Juu ya lango akaandikisha kwa rangi nyekundu, JAMHURI YA MAFUNDI. Na sikatai, mwanzoni ilikuwa tamu. Fundi aliyekuja mikono mitupu alipewa tezo siku hiyo hiyo akaanza kuchonga.

Saa ya chakula mwenyekiti alituhubiria kuhusu hizo nchi. Siku moja rafiki yangu akamkatiza, githeri mdomoni.

"Komredi mwenyekiti, huko kwa jamhuri yao, wakimchoka mkubwa wanamtoaje?"

"Wamtoe kwa nini, na ndiye anawatetea?"

"Si nimesema wakimchoka. Hata ugali huchokwa."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Chama ni watu wenyewe. Watu hawawezi kujitoa."

"Basi hiyo si jamhuri, mzee. Hiyo ni boma la ng'ombe. Hata ng'ombe wangeweza kusema boma ni letu."

Katibu, ambaye hucheka tu pale mwenyekiti amecheka, aliacha kutafuna.

Baada ya hapo lango likaanza kufungwa mchana, kufuli upande wa nje na sisi tukiwa ndani, kila mwenyekiti akitoka. Eti patasi zinapotea na mali ni ya wote. Kwenye mkutano rafiki yangu akasimama na ule mguu wake. "Kama mali ni ya wote, tutoboe mlango wa pili huku nyuma, na ufunguo wake ukae ndani."

Tukapiga kura yetu ya kawaida, ya mlolongo. Anayekubali anasimama nyuma ya rafiki yangu, anayekataa nyuma ya mwenyekiti. Na mwenyekiti ndiye anayegawa kazi ya kesho, tena anakutazama usoni ukipita. Mlolongo wake ulizunguka mashine ukafika langoni. Wetu ulikuwa mimi na yeye.

"Hata vivuli vyenu vimekataa kuwafuata!" katibu akatupigia kelele.

Jirani yangu wa benchi, mtu tuliyekula naye sahani moja, alinipita akitazama viatu vyake.

Wiki hazikupita nyingi. Waya wa mashine ulirusha cheche kwenye vumbi la mbao, karibu na mikebe ya vanishi, saa ile ile ya chakula, lango limefungwa. Wenye miguu mizima tulipanda mabati.

Kwenye mazishi mwenyekiti alisema komredi wetu alikufa akilinda mali ya wote. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye bandeji. Singeweza hata kumnyooshea kidole.

Sasa kiwanda kimejengwa tena. Mabati mapya, maandishi yale yale, lango moja. Mwenyekiti ni yule yule, maana siku ya kura aligombea peke yake. Mimi siwezi kushika patasi, nachunga choo cha sokoni, na kila mchana napita pale. Kufuli iko nje. Ndani nasikia randa, na vijana wageni wakitaniana.

Niliachia darasa la sita, kwa hivyo mambo ya vitabu waulizeni wengine. Mimi nimekaa ndani ya jamhuri ya namna hiyo. Kila kitu kilikuwa changu isipokuwa njia ya kutoka.

Mjane wa rafiki yangu anakaa mtaa wa Tassia. Ananiuliza ni nani alikataa mlango. Nimemwambia: mwenyekiti, katibu aliyetucheka, na nyinyi makomredi nyote mliopanga mlolongo mkitazama viatu. Lakini hataki kusikia kwangu, anataka kusikia kwenu. Nendeni, mketi kwenye viti alivyomchongea mumewe, mmwambie kwa midomo yenu.

Na wewe, mwenyekiti, kabla hujaenda, fungua lango. Kuna watu ndani.