Rauta ya Ghorofani kwa Bi Shamsa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ngazi, koleo na mshipi wa kupandia nguzo, kisha Msimamizi wa Laini akaniuliza kama mamangu anajua nimekuja kufanya kazi gani. Nilimwambia anajua. Hakujua. Enzi hizo simu ilikuwa waya wa shaba, na wanawake wa kampuni walikaa ndani wakiunganisha simu za watu. Mimi nilitoka Rabai na cheti changu cha umeme, na kukaa ndani sikutaka. Nguzo yangu ya kwanza ilikuwa Makadara, watu wamejaa chini wananitazama kama waliolipa kiingilio.

Kutoka Makadara nilipelekwa Liwatoni, kwenye laini za maghala ya samaki, ambako chumvi ilikula viungo vya waya hata uvisugue vipi. Msimamizi wa huko alikuwa mtu wa maneno machache. Alinifundisha jambo moja: laini ikilalamikiwa, anza kupima kwako mwenyewe kabla hujamlaumu aliye upande wa pili. Nimelifuata hilo maisha yangu yote ya kazi.

Shaba ikafa. Ikaja faiba, uzi wa kioo unaopitisha mwanga, na kampuni mpya ikatuchukua baadhi yetu wakongwe. Nikapewa Mji wa Kale, na si kwa kupenda kwao. Mafundi wanaume walikuwa wakishindwa. Nyumba za kule, mwanamume mgeni haishii popote ila sebule ya chini. Juu ndiko waliko wanawake, hapandi, na fundi mwenye adabu zake mwenyewe hataki kupanda. Basi rauta, ile mashine inayogawa mtandao nyumbani, ikawa yafungwa chini wanapokaa wageni, na wanaoitumia wako juu. Katikati pana ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, mnene kuliko urefu wa mkono wangu. Waifai haipiti hapo. Watu walilipia kasi kubwa ikabaki sebuleni na viatu.

Nilimweleza Meneja wa Huduma kwamba tuwavutie kebo mpaka juu. Akanijibu bila kuinua macho, "Kadzo, sisi tunauza laini. Ukuta ni wa mwenye nyumba." Huyo hajawahi kupanda ngazi ya nyumba yoyote Mji wa Kale, lakini ndiye aliyekuwa meneja. Nikawa naitwa mimi, malalamiko yakishamshinda kila mtu.

Ndivyo nilivyofika kwa Bi Shamsa. Bintiye, Rukia, mfanyakazi wa ofisini, ndiye aliyenipokea mlangoni, na kabla sijatua mkoba alikuwa ameshanieleza yote. Mamake ana presha ya macho. Jicho moja limekwisha, la pili daktari amesema halina muda. Anachotaka ni kimoja tu: amuone mwanawe Athmani, aliye Uingereza, maadamu bado aona. Na kila wakipiga simu ya video, upande wa Athmani ni giza tupu. Athmani husema laini yenu ndogo. Wakaongeza. Akasema bado ndogo. Rukia akachukua kifurushi kikubwa kuliko vyote, gigabiti, yaani megabiti elfu kwa sekunde. Giza. Sasa Athmani asema ni rauta.

Nilimwambia Rukia ukweli palepale, kwamba simu ya video haitaki hata megabiti kumi, na hiyo gigabiti amejitwisha bure. Akasema, "Bi Kadzo, kaka akisema ninunue mnara, nitanunua mnara. Mama hana wakati." Nikafungua mkoba.

Haya, nyinyi mnaonunua rauta siku hizi, sikilizeni. Ile ya Rukia ilitoka dukani, ina antena sita zimesimama wima, na sanduku limeandikwa namba ya kutisha. Antena ni pambo. Namba ile hupatikana kwa kujumlisha redio zote za mashine, na hakuna simu itakayoipata hata siku moja. Nilichomeka kompyuta kwa kebo nikapima: megabiti tisini na nne. Ukiona tisini na kitu kwenye laini ya elfu, usigombane na mtu. Tazama tundu la kuingilia mtandao. Ni la mia. Ubahili wa kiwandani huo, na wanunuzi hawaulizi.

Ukishapata yenye tundu za elfu, uliza ubongo wake, yaani prosesa. Rauta ni kompyuta ndogo. Kila kipande cha data kinachoingia lazima ikijue ni cha nani humu ndani. Ikiwa prosesa ni dhaifu, tundu litakuwa la elfu nawe utapata mia tatu, na ukiwasha kichujio cha kuwazuilia watoto mambo mabaya ndiyo yahema kabisa. Kisha kebo. Gigabiti hutumia nyuzi zote nane. Kebo kuukuu yenye nyuzi nne, au yenye uzi mmoja uliokatika, yakurudisha kwenye mia. Na redio ya kasi, ile ya masafa ya gigahezi tano, haina nguvu za kupenya. Kwa nyumba za mawe, rauta nzuri peke yake haitoshi. Vuta kebo mpaka juu, ufunge kituo kidogo cha waifai chumba kile kile.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Rukia akanunua niliyomtajia, nikapitisha kebo kando ya ngazi, nikaifuatisha boriti za dari hadi chumba cha Bi Shamsa. Alikuwa amekaa kitandani na leso yake, ananisikiliza nikigonga misumari. Aliniambia, "Mwanangu, wapanda kama paka." Nikacheka. Ukutani palikuwa na picha ya Athmani, bonge la mtu ndani ya kanzu.

Nikapima kwa kebo, mia tisa na arubaini, ndio ukomo wake. Nikapima kwa waifai kando ya kitanda, mia sita, haitikisiki. Nilifurahi, nisiwafiche. Rukia akapiga simu.

Athmani akatuona sote, akatoa salamu, akasema picha yetu safi mno. Yake ilikuwa giza. Akasema, "Basi bado hiyo rauta."

Bi Shamsa akanigeuzia uso. "Kadzo, mashine yako nzima?"

Nilishajua giza lile latoka kwake. Ningetaka kuwa mahali pengine popote. Nilimjibu, "Nzima, Bi Shamsa. Huku kwetu hakuna kosa."

Akaishika simu kwa mikono miwili. "Athmani. Fundi asema nzima. Niwashie nikuone, babangu. Macho yangu yaondoka."

Rukia akadhani simu imekatika. Kisha picha ikaja, safi, kila kitu wazi. Nywele hana. Nyusi hana. Mashavu yameingia, shingo kama ya mtoto ndani ya kola. Saratani ya damu, alikiri, na hakuna aliyekuwa ameambiwa. Bi Shamsa akaisogeza simu mpaka ikamgusa pua, akamtazama kwa lile jicho moja, juu mpaka chini, wala hakulia.

Athmani ndiye aliyelia. "Sikutaka sura hii iwe ndiyo utakayobaki nayo, mama."

Nilikusanya vifaa vyangu nikashuka. Hakuna aliyeniaga, na sikutaraji.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Walinipa saa ya ukutani, na Meneja wa Huduma akahutubia jina langu likiwa limemtoka. Niko Rabai sasa, mtandao wangu ni wa simu na wanitosha. Mafundi wa siku hizi hunipigia kuuliza rauta gani, nami huwajibu, kazi naipenda bado. Lakini sikuwahi kuionea fahari kazi ile ya Bi Shamsa, na hakuna nilichofunga vizuri kuliko ile.

Juzi Rukia alinipigia. Alitaka kujua kama anaweza kurudi kwenye kifurushi kidogo. Macho ya mamake yamefunga kabisa, simu zao ni za sauti tu. Nikamwambia arudi, sauti haili kitu. Nikamuuliza habari za Athmani, huku naogopa jibu. Akasema alhamdulillahi, dawa zilimkubali, nywele zimerudi, amenenepa hata kanzu za zamani zambana. Ila kila akipiga, mama humwambia ale, amekonda. Athmani huapa kwamba amepona, kwamba amejaa mwili.

Mamake humjibu, "Nilikuona."