Haragwe la Madamu Klera

Mwanangu, kuna Jumapili moja ya Januari ambayo nikiikumbuka hadi leo nacheka peke yangu, ingawa siku hiyo nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilikuwa msichana, nimeanza tu kazi ya upishi kwa Madamu Klera, mwalimu Mfaransa aliyefundisha hapa Bunia. Alikuwa amewaalika majirani waje kula galeti, mkate bapa wa siagi wa sikukuu ya kwao. Lozi hazikupatikana, tukatwanga karanga zilizotoka kijiji cha Marabo. Furaha ilinijaa! Mimi, mtoto wa mkulima, napika chakula cha Ufaransa!

Madamu alipokwenda kuvaa, nikapapasa ule mkate mbichi, nikagusa kitu kigumu. Jiwe! Mama yangu alinifundisha kuchambua maharagwe mpaka macho yaume, maana mgeni akiuma jiwe, aibu ni ya mpishi. Nikalichomoa bila kulitazama vizuri, nikalitupa uani pamoja na maganda, nikaziba tundu, nikauingiza mkate motoni. Nilijiona hodari kweli kweli.

Mezani Madamu akafichua siri yake, macho yanamng'aa. Ndani ya mkate mna haragwe dogo la kaure, la marehemu bibi yake, alilokuja nalo kutoka kwao. Atakayelipata atavaa taji la karatasi na kuwa mfalme wa siku. Watu wakapiga makofi. Wakatafuna polepole, wanachunguliana midomo na kucheka. Vipande vikaisha, mfalme hakuna. Madamu akaanza kupekua makombo kwa vidole, uso umembadilika.

Nilisimama mlangoni na sinia. Nikisema, kazi sina. Nikinyamaza, ukumbusho wa bibi yake utalala jalalani. Muzee Zakaria, mtunza bustani, akanisogelea.

"Mutoto, minaona macho yako. Ulitosha ile kitu ndani ya mukate?"

"Nilizani ni jiwe, Muzee. Nikatupa kule inje."

"Basi sema sasa hivi, mbele kuku imeze. Madamu hawezi kukukula."

Nikasema. Madamu akaangua kicheko mpaka machozi, akakimbilia uani na gauni lake jipya. Wote nyuma yake! Walimu, mama wa kanisani, Muzee mwenyewe, wamepiga magoti wanapekua maganda na kufukuza kuku. Na nani aliliona? Mimi, chini ya ganda la ndizi.

Madamu akanivika taji juu ya kitambaa changu cha jikoni, akaniketisha kwenye kiti chake. "Umeipata weye," akasema, "njo weye mufalme." Mfalme wa siku nikawa mimi!

Basi wewe, mwanangu, unayejiandaa kwenda kuishi kwa watu, usirekebishe sikukuu yao kabla hujauliza. Unachokiona jiwe huenda ni bibi ya mtu. Na ukikosea, sema mapema, kuku hawajameza.

Mungu akujalie meza yenye majirani wengi, na akuketishe kwenye kiti ambacho hukukitazamia.