Bustani Iliyoniletea Matanga Nikiwa Hai

Enzi zile tukiwa watoto huku Kilungu, baba alikuwa na baiskeli na hakujua kuipanda. Kila Jumapili aliisukuma hadi kanisani, milima yote hii, akaiegemeza ukutani, na ibada ikiisha akaisukuma kurudi. Ukimwuliza, anakwambia, "Kwani ng'ombe wangu huwa nampanda?" Wa umri wangu mnaelewa. Watoto wa leo wangeitisha bodaboda.

Sasa, mwaitu, yaani mama yetu, alitaka majirani waone vizuri alama za magurudumu. Kwa hivyo Jumamosi tulifagia ua mpaka udongo ukang'aa kama sufuria. Maji yakinyunyizwa kwanza, ile harufu! Hata uji wa wimbi haukuishinda. Kitu cha kijani kilichothubutu kuota karibu na mlango kiling'olewa: ndulele, mkonge wa porini, kiluma, ule mshubiri mchungu wa kupatia kuku wagonjwa. Ndugu yangu aliacha mche mmoja, akachapwa nao. Mwaitu alisema, "Nyasi ikifika mlangoni, watu watajua mwenyewe alikufa."

Nilikuwa nasema nini? Eeh, bustani. Mwaka jana mwanangu wa Nairobi alinitumia mtaalamu anaitwa Kioko, mtu wa chuo, kamba ya kupimia shingoni. Akasema atanichorea bustani ya mimea ya huku kwetu, isiyolilia maji. Nikafurahi. Kumbe mimea yenyewe ni ndulele! Kiluma! Aliichimba kichakani nyuma ya choo changu, akaileta mbele ya mlango, akaipanga kwa mviringo, na nyasi za porini katikati. Mtu amesoma miaka minne apande kile sisi tulichochapwa kwa kukiacha.

Mvua ikanyesha, nyasi zikafika kizingiti. Mzee wa mtaa akaanza kunipita barabarani bila salamu, kama mtu aliyeona mzimu. Halafu akina mama wa kanisa wakaja na kuni, sukari na wimbo wa huzuni. Walinipata nikinywa chai.

"Mzee Kyalo, wewe si ulikufa?" akauliza mwenyekiti wao, Mama Ndunge.

"Nani amesema?"

"Mlango wako."

Wakanong'onezana. Sukari walirudi nayo. Kuni waliacha. "Zikae tu, mzee. Haziozi."

Mtu wa miaka yangu akishaaminika kuwa amekufa, kumrudisha ni kazi. Kesho yake nilishika jembe, nikang'oa kila kitu, nikafagia mpaka udongo ukang'aa, nikaketi mlangoni nionekane.

Kioko akaja na kamera apige picha kazi yake. Akasimama kama amegongwa.

"Mzee, bustani iko wapi?"

"Nimefagia."

"Lakini ndege walikuwa wameanza kuja."

Hilo ni kweli. Wale wadogo wa buluu, ambao sikuwa nimewaona tangu nilipokuwa navaa kaptura. Ndipo nikafikiria: zamani ua ulikuwa mdogo na pori lilikuwa kubwa, ndiyo maana tulipigana nalo kila Jumamosi. Siku hizi kumefagiwa kote, kuanzia hapa mpaka Kikima, na pori lililobaki ni lile la nyuma ya choo changu. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini mdomo wa mzee ni mzito.

"Angalau sasa wanajua niko hai," nikasema.

Kioko akakunja kamba yake, akatembea juu ya mistari ya ufagio wangu hadi barabarani, na hakurudi tena.