Raba zilizozeekea juu ya kabati

Saa kumi na mbili asubuhi, katika mtaa wa Makomeno, Lubumbashi, fundi viatu Godefroid Ntumba anaruka. Mtu mzima wa miaka hamsini na minne anaruka mbele ya kibanda chake cha mabati, kitambi kikichelewa kidogo kutua, miguuni raba nyeupe na nyekundu za mpira wa kikapu. Akitua anainama kukagua soli. Kisha anaruka tena.

Majirani wamezoea. Wanapita na ndoo zao za maji, wanamwamkia Papa Godé na kwenda zao.

Raba hizo ni za binti yake, Abigaïl, mchezaji wa timu ya mtaa. Jumapili ana mechi, na mpaka sasa hajasema kama atazivaa.

Kazini, simu ya Godefroid huegemea kopo la gundi, na humo wakongwe wa kikapu wa Marekani huruka na kufunga kutwa nzima. Video hizo amezitazama mpaka anajua mtangazaji atapaza sauti wapi. Ikifika ile ya Mutombo, Mkongo mwenye asili ya Kasai, kumzima mtu mpira na kumtikisia kidole, sindano inasimama. Wazazi wa Godefroid walitoka Kasai, basi humtazama Mutombo kama mtu anayemtazama mjomba wake.

"Ule iko wa kwetu," anamwambia mteja, huku naye akitikisa kidole. Mteja akiomba kupunguziwa bei, anatikisiwa kidole hichohicho.

Raba zenyewe alizikuta miaka minane iliyopita kwenye robota la mitumba lililoingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Zilikuwa hazijakanyaga chini. Alizinunua kwa fedha waliyoweka ya kununulia cherehani, na mkewe, Germaine, akanuna wiki nzima. Abigaïl alikuwa bado mdogo, kwa hiyo baba alizifunga kwa kitambaa na kuziweka juu ya kabati zimngoje akue. Kila Noeli alizishusha, akazipangusa, akazirudisha. Germaine alimwambia kiatu ni cha kuvaa. Wapi! Wahenga si walisema kitunze kikutunze?

Mwezi uliopita mguu ukaenea. Abigaïl akaingia nazo uwanjani, mechi yake ya kwanza na wakubwa, baba akishangilia kuliko watu wote. Mara soli zikaanza kumeguka kama mkate mkavu, vipande vikitapakaa sakafuni. Watu wakacheka. Binti akatoka pekupeku, akakaa benchi hadi mwisho, taulo kichwani.

Jamani, fundi mzima! Soli za aina ile, zikikaa miaka bila kukanyagwa, hujiozea zenyewe. Godefroid alilijua hilo kwa raba za wateja. Kwa hizi, mapenzi yalimfumba macho.

"Niliuwa souliers ya mutoto na mapendo," anasema, akizigusa raba. "Ningezivaa hata miye, zingekuwa nzima."

Akazing'oa soli zile. Akatafuta nyingine kwenye raba kuukuu za muuza mkaa mmoja, raba zilizotembea kila siku na kwa hiyo zikabaki hai. Akatia gundi, akazungusha uzi mnene. Sasa mguu wake na wa binti ni saizi moja, ndiyo maana kila asubuhi anazivaa na kuruka, zisilale tena.

Ijumaa mchana Abigaïl anapita akitoka shule. Anamkuta baba bado amezivaa, sindano mkononi.

"Papa, vua."

Godefroid anazivua haraka na kutafuta kitambaa cha kuzipangusa. Kabla hajakipata, binti ameshaingiza miguu. Anakaza kamba, anaruka mara moja, anatua. Soli zimeshika. Anaondoka kwenda mazoezini, akikatisha katikati ya tope jekundu lililoachwa na mvua.

Baba amesimama soksi tupu, kitambaa mkononi, akiyatazama matope yanavyoipanda ile rangi nyeupe. Anaulizwa anatumaini nini Jumapili: ushindi?

Anatikisa kidole.

"Azirudishe zimepasuka," anasema. "Nitashona tena."