Mafuta ya Vidole Vyangu

Injinia alinishika kiganja mbele ya wageni watatu, akakigeuza juu kama anayekagua samaki sokoni, akawaambia, "Tatizo letu ni hili hapa. Mafuta ya vidole vya akina mama."

Wageni, watu wa kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu, wakainama kuangalia. Mmoja hata alivaa miwani. Mtoto wangu wa miezi saba alikuwa amelala mgongoni, na mimi nilikuwa nimevumilia wiki tano nzima. Nikakichomoa kiganja changu, nikavua kofia ya plastiki aliyoniamuru kuivaa, nikaitupa juu ya mchoro wake mpya.

"Bwana Injinia," nikasema, "vidole hivi vimekufungia tyubu arobaini zikafanya kazi. Leo utaniambia mafuta yalianza kutoka lini."

Niseme kwanza tulikuwa tunatengeneza nini, maana hata mama yangu mzazi alidhani ni filimbi.

Kuna miali isiyoonekana wala kunuka, inayotoka kwenye vitu fulani. Chuma chakavu kikiletwa Jinja kuyeyushwa, na ndani yake kimejificha kipande cha mashine kuukuu ya hospitali, miali hiyo inaweza kuishia kwenye nondo za nyumba yako. Kwa hiyo kiwanda kinataka kitu cha kuweka getini kipige kelele lori likiingia na uchafu huo. Kitu chenyewe, tunachokiita tyubu, ni bomba la shaba lenye urefu wa mkono, limezibwa pande zote mbili, na katikati umepita uzi wa chuma mwembamba kuliko unywele. Hewa yote inatolewa, inatiwa gesi ya agoni, ile ya mafundi wa kuchomelea, pamoja na mvuke kidogo wa spiriti. Mwali ukipita humo unaigonga gesi, gesi inaachia kijichembe cha umeme, kijichembe kinakimbilia uzi, njiani kinafyatua vingine, navyo vinafyatua vingine, na kufika kwenye uzi tayari ni umati. Kipaza sauti kinasema tik. Ni kama habari ya mimba mtaani kwetu Walukuba: inatoka kwenye bomba la maji na mwanamke mmoja, ikifika mlangoni kwako wameshakuwa ishirini. Spiriti kazi yake ni kuwaambia basi, tawanyikeni, ili tyubu itulie ingoje mwali mwingine.

Mimi nilikuwa nasuka nywele kwenye veranda ya duka moja mjini. Injinia alikuwa na vijana wawili wenye digrii na kila siku nyuzi ziliwakatikia mikononi. Siku moja alisimama akaangalia mikono yangu mpaka mteja wangu akamuuliza kama anataka kusukwa. Kesho yake nikawa kwenye karakana yake, napitisha uzi ndani ya bomba. Niliona unalegea katikati, nikaomba betri ya tochi, nikaining'iniza kwenye ncha ili kila uzi uvutwe kwa nguvu ileile. Injinia akachora betri kwenye daftari lake. Ilipofika wiki iliyofuata, kwenye mchoro palikuwa na "kizito maalum".

Injinia wetu hakuwa mjinga. Niliandike hilo kabla hasira haijanichukua. Alijua bomba liwe nene kiasi gani na umeme uwe mkali kiasi gani, na tyubu mpya aliyoichora yeye ilisikia kipande cha kitambaa cha taa ya karabai kutoka upande wa pili wa meza, kwa sababu vitambaa vile vya zamani vina miali yao kidogo. Mtoto aliruhusiwa kuwa mgongoni kwa kuwa uzi haungoji mtu amalize kunyonyesha. Alizoea kulala kwa ile tik tik. Nyumbani pakiwa kimya analia.

Kisha spiriti safi ikakosekana madukani. Mtunza stoo wetu, mwanajeshi mstaafu tunayemwita afande, alikuwa anakwenda Mbale kwa ndugu zake. Injinia akamwagiza waragi, gongo ya kwetu, ishike nafasi ya spiriti, ile ya kwanza kabisa kudondoka kwenye bomba la mpishi, ambayo ni kali kama petroli. Na mimi nilikubali moyoni. Shangazi yangu wa Malukhu, hukohuko Mbale, anapika waragi, najua tone la kwanza lilivyo. Hakukuwa na ubaya katika wazo lile.

Afande akaleta jagi la lita tano. Tangu hapo tyubu zikaharibika akili. Nyingine zikawa kimya kabisa hata ukizisogezea kitambaa cha karabai. Nyingine zilipiga kelele mfululizo kama mvua kwenye mabati, wala hakuna kitu mbele yake. Injinia alibadilisha umeme, akabadilisha unene wa bomba, akachora upya mara tatu. Alipomaliza kubadilisha vyote vyake, akanigeukia mimi.

Kwanza ilikuwa nisijipake vaselini. Nikaacha, mikono ikapasuka. Kisha nisimpake mtoto. Kisha glavu, kisha kofia, kisha nikaambiwa maziwa yangu yanatoa mvuke. Nilimwuliza huo mvuke ameupima kwa chombo gani, akasema nisiwe mkali. Mwishoni ikaja barua ya onyo yenye muhuri kutoka ofisi kuu Mbale: uchafu wa mikono, na onyo la pili litakuwa kufukuzwa kazi. Barua niliisoma nikiwa nanyonyesha chooni, kwa sababu karakanani nilishakatazwa.

Kwa hiyo wageni wakaja, na kiganja changu kikainuliwa, na mimi nikauliza swali langu. Injinia akasema huu si wakati wake. Yule mgeni wa miwani akasema, "Hapana, ajibiwe. Yalianza lini?"

Mimi nikajibu mwenyewe: tangu jagi.

"Waragi ile ni safi," Injinia akasema. "Niliinusa."

Kuinusa. Pale Malukhu hata mlevi wa mwisho hanunui waragi kwa pua. Unamimina kijiko kwenye sahani, unawasha kiberiti. Ikiwa nzuri inashika mara moja, moto wa bluu, inaungua mpaka sahani inakauka. Nikaomba sahani na kiberiti. Injinia akasema ndani ya karakana ya gesi hakuna moto, na hapo alikuwa na haki, kwa hiyo tukatoka nje sote kwa mstari: mimi na mtoto mbele, wageni, Injinia, vijana, na afande nyuma kabisa akiburuta miguu.

Kiberiti cha kwanza kikazima. Cha pili kikazima. Cha tatu, kimoto kidogo kikatambaa pembeni mwa sahani, kikatetemeka, kikafa. Mgeni wa miwani akachovya kidole, akalamba, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Hii ni maji yenye kumbukumbu ya waragi," akasema.

Wote tukamgeukia afande. Hakujificha, nampa sifa hiyo. Alisimama wima kama gwaride.

"Mimi nilionja, sebo," alimwambia Injinia, kama anayesema bwana mkubwa. "Ilikuwa kali sana. Na ulisema wageni wanakuja. Nikaona hii itaua mtu, nikaongeza maji kidogo."

"Kidogo kiasi gani, afande?"

"Nusu. Lakini maji ya kuchemsha."

Hakuna mtu kwetu angempa mgeni tone la kwanza bila kulipoza. Ni ukarimu. Alipoza waragi ya wanadamu, kumbe wanywaji ni mabomba, na mvuke wa maji hauwezi kuutawanya ule umati wa vijichembe; mara nyingine huumeza. Wageni walicheka mpaka mtoto akaamka, na mimi ningecheka pia kama barua ya onyo isingekuwa kwenye mkoba wangu.

Wiki iliyofuata spiriti safi ikapatikana, nikafunga nyuzi sita kwa vidole vilevile, na zote zikasema tik kama zinavyotakiwa. Nikangoja onyo lifutwe. Badala yake ikabandikwa ukutani ripoti: "Baada ya uchunguzi wa kina, mbunifu aligundua kasoro katika mchanganyiko wa gesi." Nilipomwuliza kuhusu barua yangu alisema mambo ya faili ni ya Mbale, nisiyakuze.

Nikaenda Mbale na mtoto. Karani akanipa fomu yenye visanduku vya mshahara, likizo na mengineyo, akaniomba niandike kwa ufupi. Niliandika kwenye mengineyo, nikageuza karatasi nikaendelea nyuma:

"Mimi, mfunga nyuzi wa karakana ya Jinja, nalalamika rasmi. Nilipewa onyo kwa uchafu wa mikono. Kilichokuwa kichafu ni gesi, kwa sababu spiriti ilitiwa maji. Mashahidi ni wageni watatu, na mmoja aliionja. Ripoti ya ukutani inasema mbunifu aligundua. Mbunifu aliinusa tu. Simlalamikii mtunza stoo, kosa lake lilikuwa adabu. Naomba: moja, onyo litolewe kwenye faili langu na nipewe barua ya kusema limetolewa. Mbili, ripoti iandikwe upya na itaje mfunga nyuzi. Tatu, kabla mtu hajatuhumiwa, vitu vyote vinavyoingia kwenye tyubu vipimwe, si mtu peke yake. Nne, madai kwamba maziwa ya mama yanatoa mvuke yathibitishwe kwa chombo au yafutwe kwa maandishi. Sitaki pole ya mdomo. Onyo lilikuja na muhuri, jibu nalo lije na muhuri."