Breki za Binamu

Nilianza kumwonea binamu yangu wivu kabla hajashuka kwenye basi pale Kibiti. Nilimwona dirishani akicheka na abiria wenzake, gunia zito limelala mapajani, nikajua mle ndani mna breki za diski.

Mjomba wangu, yaani baba yake, alikuwa na landrova kuukuu ya kubebea kamba wabichi wa kwenye barafu kutoka Nyamisati hadi barabara kuu. Breki zilikuwa za drami, zile zinazobania ndani ya ngoma ya chuma. Gari likishavuka maji ya chumvi, drami zinajaa tope, na kwa kitambo kirefu unakanyaga pedali kama unakanyaga godoro. Hendibreki nayo ilikuwa pambo tu. Wakati wa shida ya spea tulivumilia. Ilipofika enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa na maduka ya Dar yakajaa mitumba ya kila namna, mjomba akasema sasa basi. Akatamka barazani, watu wanasikia, kwamba atakayemchagulia breki za kumpa usingizi ndiye atakayekabidhiwa usukani, maana macho yake mwenyewe yalishaanza kuona ukungu.

Niliutaka usukani ule kuliko kitu kingine chochote. Sikusomea ufundi popote. Nilijifunza kwa kitabu cha gari lile, kisicho na jalada, nikiwa na kamusi pembeni na michoro ambayo niliijua kuliko uso wangu. Mimi ni mtu wa kukaza nati, kisha kuilegeza ili nihakikishe kwamba niliikaza. Binamu alikuwa amejifunza gereji za Dar kwa kutazama na kupiga soga, na kila kitu kilimjia kama usingizi unavyomjia mtoto.

Chaguo langu lilikuwa drami pana zaidi, lainingi mpya za kubania, na kuifufua hendibreki ya asili: ngoma ndogo iliyofungwa nyuma ya gia boksi, inayobana propela, ule mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma, badala ya kubana magurudumu yenyewe. Niligundua kwamba oili ya gia boksi ilivujia humo. Nilibadilisha sili, nikasafisha, nikarekebisha hadi lile gari likawa halisogei hata likisukumwa na wanaume wa mtaa mzima. Nilijivunia mno.

Binamu akamwaga gunia barazani: diski za mbele, kaliipa zake za kuzibana, busta na masta silinda za kusukuma mafuta ya breki, vyote vya gari jipya zaidi lililokatwakatwa.

"Binamu, bado unalisomea gari kile chuo chako kisicho na jalada?" akaniuliza. "Limeshahitimu?"

Watu wakacheka. Kwetu binamu ni mtani. Anakwambia atakalo, nawe ukinuna umeshindwa. Nikacheka na mimi, meno yote nje.

"Linakungoja wewe ulifundishe kupiga miluzi," nikajibu.

"Drami Rufiji, bwana we! Si bora ufunge vyungu, tupate na pa kupikia?"

Kilichonikera ni kwamba alisema kweli. Diski hujikausha zikizunguka, na tope halina pa kukaa. Nilishalisoma hilo kitabuni, nikalipita haraka kwa sababu sikuwa na njia ya kuzipata.

Mjomba alitutazama kwa zamu. "Mbele tufunge diski za mwanangu. Hendibreki ibaki ya mpwa wangu. Nyamisati itatuambia."

Alizifunga akipiga miluzi kweli. Nilikaa pembeni nikiomba nati moja, moja tu, imkatalie. Hakuna iliyomkatalia. Lakini nilipoona bomba la breki linasuguana na springi nilimwambia, kwa kuwa siwezi kuona kitu kimekaa vibaya nikanyamaza.

"Ahsante, binamu. Lingekatika hili," akasema, safari hii bila utani. Shukrani yake iliniuma kuliko vijembe vyake vyote.

Pale Nyamisati, maji yakitoka, wachukuzi hutandika boriti za mikoko juu ya tope ili gari lirudi kinyumenyume hadi karibu na mashua, wasihangaike na matenga ya kamba. Na kila dereva, hata mwenye gari jipya, huweka kabari ya gogo nyuma ya tairi. Ni jambo la kawaida kama kuvua viatu mlangoni. Siku ya kujaribu breki tulikwenda sote watatu, na usukani nilikuwa nao mimi. Nilirudi nyuma taratibu, nikavuta hendibreki, nikazima, nikashuka.

"Kabari, dereva," mchukuzi mmoja akaniambia.

"Leo haihitajiki," nikasema, kwa sauti ya kumfikia binamu.

Walipopakia tenga la tatu au la nne, gari likaanza kushuka. Nililiona kwa macho yangu: gurudumu la kulia, lililokuwa juu ya udongo mgumu, lilirudi nyuma, na la kushoto, juu ya boriti zilizoloa, likazunguka kwenda mbele. Propela haikusogea hata kidogo: tairi moja likikosa mshiko, difu huyaacha magurudumu mawili yazunguke kinyume, jambo ambalo udongo mkavu wa mtaani haukunionyesha. Hendibreki yangu ilibana kama nilivyoitengeneza, na gari lilikuwa linakwenda majini.

Nilirukia ndani nikakanyaga. Pedali ilikuwa ngumu na fupi. Gari likasimama papo hapo, matenga yakagongana, wachukuzi wakapiga kelele. Binamu alishaingiza gogo chini ya tairi.

"Pumua, binamu," akasema dirishani. "Tope lisikuzoee."

Mjomba hakugomba. Alilitazama gogo, akanitazama mimi, kisha akamwambia mwanawe, "Usukani wako."

Binamu akacheka. "Baba, nije kulala na mbu hawa? Kesho narudi Dar. Mpe huyu, anaupenda."

Nikapewa hivyo, kama mtu anavyopewa shati lililombana mwenzake. Nimeliendesha gari lile tangu hapo. Hendibreki niliihamishia kwenye magurudumu ya nyuma, kwa waya, na naweka kabari mbili, si moja. Watu wa Nyamisati husema hawajaona dereva mwangalifu kama mimi. Nashukuru. Kisha nafika mteremko wa kwanza, nakanyaga, na gari linanitii vizuri sana, kwa breki zake yeye.